Fukuto Ndani ya Gari-Nyumba: Kwa Nini Kiyoyozi Peke Yake Hakikuokoi

Saa tisa alasiri, mwezi wa Julai, kisiwani Galveston, pwani ya Texas. Kiyoyozi cha darini mwa gari-nyumba tulilokodi kinanguruma tangu saa nne asubuhi, na kipimajoto kilichoning'inia juu ya meza ya kulia kinasoma nyuzi 30. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, amekaa kwenye kochi anajipepea kwa daftari la mjukuu wake. Ananitazama kwa huruma. "Baba Zuhura," ananiambia, "mwite fundi. Mashine hii imekufa."

Mashine haikuwa imekufa. Nilichukua kile kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, nikakiweka pale kiyoyozi kinapovuta hewa: nyuzi 30. Nikakihamishia kwenye tundu linalopuliza, nikasubiri kidogo: nyuzi 20. Tofauti ya nyuzi 10 ndiyo kazi inayotarajiwa kwa kiyoyozi kizima cha gari la aina ile. Kilikuwa kinatoa kila kilichokuwa nacho. Sisi ndio tuliokielemea. Tuliegesha pua ikitazama jua la alasiri, mapazia ya kioo cha mbele yako wazi, sufuria ya wali iko motoni, na umeme wa kambi yenyewe, ule uwanja wa kuegesha magari haya, ulikuwa umechoka.

Najua familia kadhaa za kwetu huku Marekani ambazo hukodi magari haya shule zikifungwa, na karibu kila moja imewahi kunisimulia usiku wa aina hiyo. Wengi huishia kulaumu kiyoyozi. Mimi nimebaki na imani moja, na imenifaa tangu siku ile: joto la gari-nyumba ni hesabu ya kinachoingia na kinachotolewa, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo unaimaliza kabla hujagusa swichi yoyote.

Kwa asiyelijua, gari-nyumba ni nyumba ndogo juu ya magurudumu: vitanda, jiko, friji, choo na bafu. Kuna lenye injini yake na kuna trela ya kukokotwa nyuma ya pikapu. Kwa kuwa kila kilo inahesabiwa barabarani, kuta zake ni nyembamba, mara nyingi sentimita 4 au 5 tu, na ndani yake mna sponji au povu la kuzuia joto. Fikiria zile nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, ukuta wa nusu mita. Jua la saa saba linapiga nje, na mpaka joto lifike ndani jua limeshazama. Gari-nyumba halina subira hiyo. Jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu, saa mbili ndani mnajua. Jambo hili lina upande wake mzuri pia, kwa sababu jua likizama gari hupoa upesi, ilimradi uliachie hewa ipite.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Viyoyozi hivi vya darini huuzwa kwa BTU, kipimo cha joto kilekile utakachokisikia ukienda kununua AC Kariakoo. Vya kawaida ni BTU 13,500 au 15,000 kwa saa. Cha BTU 13,500 kina uwezo wa kutoa nje joto la karibu kilowati 4. Namba hiyo hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35, kwa hiyo nje kukifika nyuzi 42, uwezo unapungua siku ileile unapouhitaji zaidi.

Upande wa pili wa hesabu kuna jua. Adhuhuri ya anga safi, kila mita moja ya mraba iliyolala wazi hupokea takriban wati 1,000. Paa la gari lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 2.4 ni mita za mraba 21 na kitu. Hiyo ni zaidi ya kilowati 21 zinazoanguka kichwani kwako. Paa jeupe na safi hurudisha sehemu kubwa angani, na upepo nao huchukua chake, kwa hiyo kinachopenya ni kidogo. Lakini kidogo cha kilowati 21 si kidogo mbele ya kiyoyozi chenye uwezo wa 4. Ndiyo maana kuosha paa ni kazi ya kupoza nyumba. Paa jeupe lililoganda vumbi na ukungu mweusi wa miti halirudishi jua kama linavyopaswa. Mimi huosha la kwangu kila mwisho wa Mei, kwa ndoo, brashi laini na sabuni ya vyombo.

Kioo ni kibaya kuliko paa. Mita moja ya mraba ya kioo kinachotazama jua la alasiri huweza kupitisha wati 500 na zaidi. Gari lile la Galveston lilikuwa na kioo cha mbele kipana kama cha basi, zaidi ya mita mbili za mraba. Kukiacha wazi kuelekea magharibi ni sawa na kuwasha pasi ya umeme na kuisahau sebuleni mchana kutwa. Na hapa watu hukosea jambo moja: huweka kizuia jua kwa ndani. Kinasaidia, lakini jua limeshapita kwenye kioo, limeshapasha nafasi iliyo kati ya kioo na kizuizi, na joto hilo tayari liko ndani ya nyumba. Kizuizi cha nje kinalikamata kabla halijavuka. Zipo nguo maalumu za wavu zinazovalishwa kioo kwa nje, na ni pesa nzuri uliyoitumia. Siku ile sisi hatukuwa nazo. Mama mkwe alitoa kanga doti mbili kwenye begi, tukazibana kwenye vifuta-mvua na milango ya mbele, zikafunika kioo chote. Baada ya saa moja hivi tulishuka hadi nyuzi 28. Majirani walipita wakisoma maandishi bila kuyaelewa.

Usisahau matundu ya darini. Kila gari lina dirisha dogo la hewa juu ya bafu na mara nyingi jingine juu ya kitanda, mraba wa sentimita 35 hivi, lenye mfuniko wa plastiki unaopitisha mwanga. Ukisimama chini yake mchana unahisi utosi unapata moto. Mto wa sponji uliokatwa kwa kipimo cha tundu na kusukumwa juu unamaliza tatizo hilo.

Kabla ya vioo na kanga, lakini, kuna kuegesha, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ni bure na ndipo sisi tuliotoka karibu na ikweta tunapojichanganya.

Kwetu Tanga, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huwa kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Mtoto aliyekulia huko anajua kwamba kivuli cha mwembe huhama uwanja kwa msimu. Texas na Arizona hakuna hayo. Jua la adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima, ila Juni na Julai hupanda juu sana, karibu na utosi. Kwa hiyo wakati wa kiangazi ukuta wa kusini hauumii sana mchana, maana jua linaanguka kwa kuchirizika. Ukuta unaoumia ni wa magharibi, kuanzia saa nane mchana hadi jua kuzama, kwa sababu jua linakuja likiwa limeinama, linapiga ukuta uso kwa uso, na linakuta hewa imeshachemka.

Basi mpe jua la alasiri upande mwembamba. Gari lina mbavu ndefu mbili na ncha fupi mbili. Nikipata nafasi ya kuchagua, naelekeza pua mashariki na mgongo magharibi. Magari ya Marekani huwa na mlango na turubai la kukunjua upande wa kulia, kwa hiyo pua ikiwa mashariki turubai linatazama kusini. Jua lile la juu juu linazuiwa vizuri hata na turubai fupi, na ukuta mzima wa mlango unakaa kivulini. Kushoto, upande wa dereva, ambako katika magari mengine friji hupumulia kupitia matundu ya ukutani, kunatazama kaskazini, na jua la kiangazi hukugusa kwa pembeni tu, asubuhi na jioni. Galveston tulifanya kinyume chake: turubai kaskazini halina kazi, na kioo kile kikubwa kinalitazama jua la magharibi.

Kambi nyingi hazikupi uhuru wa kugeuza, kila nafasi imechorwa. Lakini unaweza kupiga simu kabla na kuuliza nafasi ipi inaelekea wapi, na ipi ina mti upande wa magharibi. Wapokea simu wamezoea maswali hayo. Mti mmoja wa mwaloni mahali pake unazidi kiyoyozi cha pili, ingawa mwenye paneli za sola juu ya paa atalalamika, na ana haki: hawezi kupata kivuli na umeme wa jua kwa pamoja.

Turudi kwenye zile nyuzi 10. Utasikia watu wazoefu kabisa wakisema kwamba kiyoyozi cha gari-nyumba hakiwezi kushusha joto zaidi ya nyuzi 10 au 11 chini ya la nje, kwa hiyo nje kukiwa 40, ndani ni 29 na ukubali. Hilo si kweli. Nyuzi 10 ni tofauti kati ya hewa inayoingia kwenye mashine na hewa inayotoka kwenye mashine hiyohiyo. Hewa inayoingia ni ya ndani, kwa sababu viyoyozi hivi havivuti hewa ya nje, vinazungusha ileile. Hewa ya nyuzi 30 ikitoka na 20, ikachanganyika chumbani, baadaye itaingia ikiwa 27 itoke na 17, na kuendelea hivyo mpaka pale joto linalopenya kutoka nje litakapolingana na linalotolewa. Ikiwa gari lina kivuli na vioo vimefunikwa, utafika 24 hata kama nje ni 40. Ikiwa liko uchi juani, utakwama 30. Kipimo cha nyuzi 8 hadi 12 ni cha kukipima kiyoyozi chako cha darini kama ni kizima. Baada ya dakika 20 za kufanya kazi, tofauti ikiwa nyuzi 4 au 5, hapo kweli kuna ugonjwa.

Na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni uchafu. Filta ya sponji iliyojaa manyoya ya mbwa wa mpangaji aliyetangulia. Mapezi ya koili, yale mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi ya kiyoyozi hupita, yaliyoinama kwa mvua ya mawe. Katika trela tuliyonunua baadaye, iliyotumika, nilifungua kifuniko cha plastiki kilichoko darini, nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona mwanya wa vidole viwili kati ya chumba cha hewa inayovutwa na njia ya hewa inayopulizwa. Hewa baridi ilikuwa inatoka kwenye koili, inageuka kona, inavutwa tena na mashine kabla haijatuona. Roli moja ya utepe wa alumini na nusu saa ya kusimama juu ya stuli vilitosha. Tofauti ilipanda kutoka nyuzi 6 hadi 11. Gesi yenyewe, ambayo mafundi wa mitaani hupenda kusingizia, imefungwa moja kwa moja kiwandani katika viyoyozi vingi vya aina hii na haina hata pa kuongezea.

Tabia ya kuwasha nayo ina uzito. Ukisubiri mpaka saa saba, ndipo ukawasha, unapambana na hewa, magodoro, makabati, sakafu na sufuria zote zilizokwisha kushiba joto. Washa asubuhi, saa mbili, nyumba ikiwa bado na ubaridi wa alfajiri. Kulinda ubaridi ni rahisi kuliko kuutafuta.

Mpaka hapa nimesema joto tu. Fukuto ni jambo jingine, na ndilo linaloamua ufungue dirisha au ulifunge.

Kumbuka mtungi wa maji. Ule wa udongo, uliowekwa kwenye kona ya kivuli na kata juu yake. Maji yanapenya kidogo kidogo, yanafika nje ya ukuta wa mtungi, yanakauka, na kukauka kwake kunachukua joto. Aliyeishi Dodoma anajua kwamba mtungi huko unatoa maji ya kutia meno ganzi. Aliyeishi Tanga au Mombasa anajua kwamba unatoa maji ya kawaida tu. Udongo ni uleule. Kilichotofautiana ni hewa: ya Dodoma ni kavu na ina njaa ya maji, ya pwani imeshashiba.

Arizona wanauza mtungi wenye feni. Ni boksi lenye pedi zinazoloweshwa maji, feni inavuta hewa kupitia pedi hizo na kuipuliza ndani. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 10 tu, ikipita kwenye pedi nzuri, inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 23 au 24, kwa umeme mdogo ambao betri moja inaumudu. Ukikichukua kifaa hichohicho ukakipeleka Galveston, kwenye nyuzi 33 na unyevu wa asilimia 70, kitakupa hewa ya nyuzi 29 iliyolowa, na utakuwa umejitengenezea chumba cha mvuke. Nimewaona watu wakikisifu na wengine wakikilaani mtandaoni, na wote wanasema kweli. Wanasahau kutaja walikuwa wapi. Tena, kifaa hiki kinahitaji dirisha lililo wazi ili hewa yenye unyevu itoke, wakati kiyoyozi kinahitaji kila kitu kifungwe. Viwili hivi haviwashwi pamoja.

Vivyo hivyo usiku. Jangwani, mbali na zege la mji, joto huanguka jua likizama. Hapo zima kiyoyozi, fungua dirisha moja karibu na kitanda na washa feni ya darini ikitoa hewa nje. Fungua moja tu, au mawili: ukifungua yote, feni itavuta hewa kutoka popote na kitandani hautapita upepo. Pwani ya Texas usiku wa Julai kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 27 tu, na hewa ni nzito. Ukifungua dirisha "tupate upepo wa bahari", unaingiza unyevu utakaolala kwenye mashuka na magodoro, na kesho kiyoyozi kitatumia nusu ya asubuhi kuukausha. Huko funga. Weka feni ndogo ndani, imuelekee mlalaji. Feni haipozi hewa, inakausha jasho, na kwa sababu hiyo unaweza kulala salama kwenye nyuzi 26 badala ya kulazimisha 22. Na feni ya darini isiwashwe wakati kiyoyozi kinafanya kazi. Hewa inayoitoa ni ile uliyoilipia kuipoza, na pengo lake linajazwa na fukuto la nje kupitia kila mwanya.

Sasa umeme, ambao ndio uliotuzimikia siku ile alasiri.

Nyumbani tumezoea volti 230. Marekani ni 120, kwa hiyo kifaa chenye wati zilezile kinavuta karibu mara mbili ya ampea. Gari la wastani huchomekwa kwenye soketi ya ampea 30: 120 mara 30 ni wati 3,600, basi. Kiyoyozi kinakula wati 1,500 hadi 1,800. Hita ya maji ya kuoga, ikiwa iko kwenye umeme, 1,400 hivi. Ukibonyeza maikrowevu hapo, breka ya umeme inaruka na kiyoyozi kinazima. Magari makubwa yana soketi ya ampea 50, na hapa pana fumbo: hiyo si nyongeza ya ampea 20. Ina nyaya mbili za umeme, kila moja ampea 50, jumla wati 12,000. Ndiyo maana yanabeba viyoyozi viwili na hata vitatu bila kutetereka. Kwa mwenye 30, dawa ni zamu. Nasi tuna sheria nyumbani kwetu: anayetaka maikrowevu atangaze kwanza, azime hita, ndipo abonyeze. Watoto huitangaza kama adhana.

Hata hivyo, breka ni rafiki yako. Adui ni volti zinazoshuka kimyakimya. Alasiri ya joto kambi nzima imewasha viyoyozi, nyaya ni za zamani, na zile volti 120 zinakuwa 108, kisha 103. Kompresa, ile pampu ya gesi ndani ya kiyoyozi, ikinyimwa volti inavuta ampea zaidi kufidia, inapata moto, na mwisho huungua. Nunua kifaa cha kinga kinachokaa kati ya soketi ya kambi na waya wako. Vingi hukata umeme ukishuka chini ya volti 104 hivi, na huonyesha namba ili ujue tatizo ni la nani. Siku ile ya Galveston gari la kukodi lilikuwa nacho, nacho ndicho kilichokata. Nilikasirika sana. Leo naona kiliokoa kompresa ya watu.

Je, betri? Swali hili naulizwa kila mara, na jibu liko kwenye hesabu. Betri ya lithiamu ya volti 12 (hasa 12.8), ampea-saa 100, ina kilowati-saa 1.28. Kiyoyozi kinachokula wati 1,500 mfululizo kinaimaliza ndani ya saa moja. Usiku mzima unataka betri nyingi za namna hiyo na sola ya kuzijaza kesho yake, na huo ni mtaji. Feni ya darini, kwa upande wake, kwa mwendo wa kati inavuta ampea 2 au 3. Betri hiyohiyo inaizungusha zaidi ya saa 30. Anayetaka kulala porini bila soketi wakati wa joto aanze na feni na kuchagua mahali, kiyoyozi kije mwisho.

Jenereta inamudu kiyoyozi kimoja, ikiwa kiyoyozi chenyewe kimewekewa kifaa cha kulainisha mwanzo wa kompresa, maana sekunde ile ya kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Ila moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ambayo kwetu imeondoa familia nzima usiku mmoja. Haina rangi wala harufu. Jaribu kengele ya gesi hiyo kila unapofika kambi mpya, weka jenereta mbali upande upepo unakoelekea, na usilale nayo ikiwa inanguruma chini ya dirisha, yako wala ya jirani.

Jiko nalo liko kwenye hesabu, na hapa BTU zinatusaidia. Jicho moja la jiko la gesi la gari-nyumba lina BTU 7,000 hivi. Kiyoyozi chako kina 13,500. Ukichemsha maharage kwa saa mbili, umekabidhi nusu ya kiyoyozi kwa sufuria. Juu ya hapo, kila kilo ya gesi inayoungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, mbali na mvuke wa maharage yenyewe. Pikia nje. Mama mkwe wangu hakuhitaji maelezo hayo, alishangaa tu mtu mzima kupikia ndani ya chumba cha kulala. Tukanunua jiko dogo la gesi la kukunja, likakaa chini ya turubai, naye akalitawala.

Na friji. Nyingi za zamani katika magari haya hazina kompresa. Hutumia amonia na mwali wa gesi au hita, na husukuma joto lake nje kupitia yale matundu ya ukutani. Jua likipiga ukuta ule, friji inashindwa kupumua na maziwa yanaharibika. Feni ndogo kama ya kompyuta ikifungwa nyuma ya koili zake inasaidia sana.

Kuna suluhisho ambalo nyumba ya matofali haina: kuhama. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Phoenix, Arizona, iko mita 330 tu juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2023 ilikaa siku 31 mfululizo, kuanzia Juni 30, ikifika nyuzi 43 au zaidi kila siku. Flagstaff, saa mbili na nusu za kuendesha kuelekea kaskazini, iko mita 2,100. Julai wastani wa joto la mchana Phoenix ni nyuzi 41, Flagstaff ni 28. Ni mantiki ileile inayompandisha mtu wa Tanga hadi Lushoto. Kumbuka tu kwamba jenereta nayo inasikia mwinuko, inapoteza asilimia 3 na nusu hivi ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo Flagstaff inakosa karibu robo. Kwa kuwa huko huhitaji kiyoyozi usiku, si hasara.

Mwisho ni miili yenyewe, na hapa sina mzaha. Mzee na mtoto mchanga hawalisikii joto kama wewe unavyolisikia, na wazee wengi wa kwetu hawasemi. Mtu akianza kuchanganya maneno, akiyumba, ngozi ikiwa moto sana, hilo si uchovu. Mwili umefika nyuzi 40 au unakaribia. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, piga 911 maji yakiwa yanaendelea kumwagwa. Maji ya bomba la bustani yaachie yatiririke kwanza: yaliyolala ndani ya mpira juani yanaunguza. Na feni peke yake isikudanganye hewa ikipita nyuzi 35 na zaidi. Ngozi ikiwa kavu, feni inampulizia mtu joto. Mloweshe kanga, ndipo upepee.

Umeme ulipokatika Galveston tulikaa dakika 40 tukisubiri urudi, huku kipimajoto kikipanda nyuzi moja kila dakika chache. Dakika 40 zile zilikuwa kosa. Sasa tukifika kambi yoyote, kabla sijakunjua turubai, natafuta kwenye simu maktaba ya umma iliyo karibu na saa inayofunga, pamoja na duka moja kubwa lisilofunga usiku. Ndani ikipita nyuzi 32 bila umeme, tunafunga mlango na kuondoka wote, mbwa naye. Mama mkwe huwa wa kwanza kuvaa viatu. Maktaba ile ya Galveston aliipenda. Alikaa karibu na dirisha la kaskazini hadi walipofunga, kajifunika kanga mabegani kwa baridi.